Kumi na Tisa Kwenye Foto

Kijiwe chetu ni ubao mmoja tu mbele ya duka la mikate, hapa Likasi. Leo asubuhi tulikuwa hapo na kahawa. Juzi ukuta wa carrière, machimbo ya wazi ya shaba, uliangukia wachimbaji. Saa moja kabla, drone ya kampuni ilikuwa imepiga foto kutoka juu, na mashine ikahesabu watu waliokuwa shimoni: kumi na tisa. Jana jioni maiti ya kumi na tisa ikatolewa, na leo matingatinga yameondoka. Kazi imekwisha, kampuni inasema.

Foto hiyo anayo Satellite, fundi wetu wa simu. Kila aliyehesabiwa amewekewa doa jekundu.

— Mashine inageuza foto kuwa milima na mabonde, akasema Satellite. Kila mutu ni shimo. Inatia mayi mu kila shimo, mayi inapanda. Pale fasi mayi ya huyu inakutana na ya mwenzake, inajenga ukuta. Njo vile inatenganisha bantu benye kugusana.

Barrage, mzee aliyefanya kazi miaka thelathini kwenye mitambo ya bwawa la umeme la Koni, akatikisa kichwa.

— Mayi ninaijua miye. Bantu babili bakibanana sana, shimo inakuwa moja. Shimo moja, mayi moja. Ukuta itajengwa wapi?

— Umoja ni nguvu, papa, akasema Papy, fundi viatu.

— Weye nyamaza, nikamwambia.

— Sinyamaze. Ile mashine ilizaliwa Poto, kwa bazungu, kule kila mutu anasimama mbali na mwenzake. Haiyaona bantu ba kwetu.

— Miye ninasema kampuni njo ilipunguza mayi, akasema Satellite. Kusudi hesabu ikuwe kidogo.

— Ao ilijua ukuta itaanguka, akasema Papy. Foto saa moja mbele ianguke, ya nini? Na sisi hapa ku ubao, tunagusana mabega. Pengine ku mashine tuko mutu moja.

Mwanamke mwenye kitambaa cha msiba kichwani alikuwa amesimama nyuma yetu: Bibiane, mke wa Hénoc, mmoja wa wachimbaji.

— Jambo, bapapa.

— Jambo, mama. Pole.

— Jimmy, mudogo wa bwana yangu, balimutosha mu shimo jana. Ye njo wa kumi na tisa. Hénoc hayatoka bado. Balikuwa banabeba mufuko moja, huyu huku, huyu kule. Munionyeshe.

Satellite akaikuza foto. Vichwa viwili, vimebanana juu ya mfuko mmoja. Doa lilikuwa moja, katikati, juu ya mfuko.

Bibiane akaweka kidole juu ya doa.

— Hii doa, ni ya Jimmy ao ya Hénoc?

Bibiane akaichukua simu mkononi mwa Satellite bila kuomba, akashika njia ya carrière peke yake. Niliona haya, lakini nilibaki nimekaa.