Mzee Mansuetus na Mabega ya Makuli

Baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi, Mzee Mansuetus Ndunguru, mnyapara wa makuli katika ghala letu la kahawa hapa Mbinga, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni, 1999. Alianza kazi mwaka 1968 kama kuli, akitokea Maguu, na tangu hapo hakuna aliyewahi kumwona ametulia. Chai huinywa akitembea. Kiti alichopewa ofisini kimezeeka bila kukaliwa.

Enzi ya ushirika magunia yalikwenda polepole. Waliporuhusiwa wanunuzi binafsi, malori yakapanga foleni getini, honi juu ya honi, na makuli wakaanza kukimbia. Mabega yakagoma. Msimu wa 1995 Damiano, kuli wetu mwenye nguvu kuliko wote, akawa hawezi hata kuvaa shati bila kusaidiwa. Meneja wa wakati ule akatamka kwamba asipoweza kupandisha gunia safu ya juu siku ya kufungua msimu ujao, arudi kwao akalime.

Mzee hakukubali. Alimteremsha Damiano hadi hospitali ya kule ziwani, akaikera foleni nzima ya wagonjwa kwa kuzungukazunguka. Maumivu yalipopungua, mtaalamu wa viungo akawafundisha zoezi moja, na Mzee akalileta ghalani. Mawe ya mizani ya zamani, yale ya chuma yenye kishikio, yalikuwa yamelala tu tangu tuletewe mizani mpya. Akanipora mimi, mpima mizani, mawili madogo.

Unasimama miguu ikiachana kwa upana wa mabega. Unakaza tumbo. Jiwe moja kila mkono, usawa wa mabega, viwiko mbele kidogo. Unasukuma juu huku ukitoa pumzi, kisha unashusha taratibu. Hapo kwenye taratibu ndipo Mzee mwenyewe alipotaabika.

Makuli walicheka. Mtu wa gunia zima anyanyue kijiwe cha kupimia maharage! Mzee akigeuka tu, wanachukua mawe makubwa na kujipinda nyuma, kama walivyozoea kujitwisha gunia. Akawa anapita nyuma yao na kuwawekea kiganja mgongoni. Mgongo ukipinda, jiwe linashushwa. Damiano aliona aibu, nusura aache kazi. Mzee akamwambia, kwa Kimatengo kilichosikika ghala zima, kwamba akitaka kuona aibu aione huku anasukuma.

Siku ya kufungua msimu wa 1996 ikafika. Mzee hakuweza kutazama. Alikwenda getini, akarudi, akaenda tena. Damiano akapandisha gunia hadi safu ya juu, mgongo wima. Vigelegele vikalipuka, na meneja akaagiza la pili, zito zaidi. Mzee akaja akasimama mbele ya meneja. Akasema walikubaliana gunia moja, na kama la pili ni lazima, atalibeba yeye, na miaka yake hamsini na saba. Hatujawahi kumwona ametulia vile. Meneja akaondoka, na Damiano akabaki kazini.

Kesho ya kustaafu kwa Mzee, Damiano huyohuyo anashika unyapara. Wiki hii hapati usingizi, anatuuliza ni nani atakayemzuia yeye akizidisha mzigo. Sisi nasi tuna wasiwasi, tusifichane.

Asante, Mzee Mansuetus. Nenda Maguu kwa mkeo, Mama Vitalia, ukahudumie mikahawa yenu, na maisha yawe mema kwenu nyote wawili. Ukishindwa kutulia, geti unalijua.