Nani Aingie Nawe kwa Daktari

Mgeni rasmi, Daktari Stanka Velkova, mkuu wa afya wa wilaya yetu. Daktari Ognyan wa zahanati. Mwenyekiti wa kijiji. Kina mama na wageni wote:

Jirani yetu Rukie anadai mpaka leo kwamba alipoingia kwa daktari, mlango ulifungwa kwa ufunguo. Husimulia hata jinsi ufunguo ulivyolia. Sisi tumeukagua mlango ule. Hauna tundu la ufunguo. Mvua ikinyesha unavimba, na daktari lazima ausukume kwa bega. Lakini maneno ya Rukie yalishafika kila banda la tumbaku, na ndipo yalipoanzia haya tunayokusomea.

MAKARIBISHO

Karibu sana Dolna Cheresha. Tunajua zile kona za juu ya mto zimekutesa. Maharagwe yako jikoni tangu alfajiri na mkate wa viazi umeshageuzwa, kwa hiyo hatutakuweka sana.

HISTORIA

Zahanati yetu ina daktari mmoja, mwanamume, naye huja Alhamisi tu. Baada ya maneno ya Rukie, mwaka jana, hakuna mwanamke aliyekubali kuingia peke yake. Kila mke aliingia na mama mkwe wake. Tulidhani tumepata ulinzi. Kumbe tulikosea, maana kwetu mke hasemi mambo ya mwili wake mbele ya mama mkwe.

Mwenzetu Shefika, aliyeturuhusu tumtaje, aliingia na mama mkwe wake, Bibi Nefise. Daktari akimwuliza Shefika, Bibi Nefise anajibu. Alipoulizwa anaumwa wapi, bibi akasema, "Hana ugonjwa, daktari. Anakula pilipili kama karanga."

Shefika alikuwa akitokwa damu, na huo ulikuwa mwezi wa pili. Alitazama tu vidole vyake vyenye utomvu wa tumbaku, akatoka na dawa ya kiungulia. Siku ya tisa alianguka bandani, akapelekwa mjini hajitambui. Tunamshukuru Mungu alipona. Ndiye aliyepika hayo maharagwe.

MAFANIKIO

Mwezi wa Machi ofisi yako ilitukubalia tuwe na msindikizaji wa wagonjwa, kwa majaribio ya miezi sita. Tulimchagua Sevda, tuliyekuwa tukitunga naye majani ya tumbaku kwenye nyuzi, akafundishwa mjini majuma mawili.

Kazi yake ukiitazama ni ndogo. Mlangoni humwuliza mgonjwa, pembeni, nani aingie naye: yeye Sevda, ndugu yake, au asiingie mtu. Ndani husimama upande wa kichwa, si wa miguu. Shuka hufunuliwa pale tu panapopimwa. Mgonjwa akiinua mkono, daktari anaacha, na mgonjwa haulizwi kwa nini. Anayoyasikia Sevda hayatoki. Hata mumewe ameshachoka kumchimba.

Siku ya kwanza Bibi Nefise aligoma kukaa nje. Alisema mume wa Shefika kamzaa yeye, iweje awekwe kwenye benchi kama gunia la viazi.

"Mama, mume ni wako, hatubishi," Sevda akamjibu. "Tumbo ni lake."

Bibi akakaa. Amefuma soksi jozi tatu kwenye benchi lile. Mwezi uliopita aliingia mwenyewe kwa shida yake, na Shefika alipoinuka amfuate, akamwambia, "Kaa hapo hapo, mwanangu. Yangu nitayasema mwenyewe."

Tulicheka, na tulishusha pumzi. Daktari Ognyan naye anasema siku hizi analala vizuri, maana ule ufunguo wa Rukie ulikuwa ukimfuata mpaka kwake mjini.

CHANGAMOTO

Majaribio yanaisha Jumatano ijayo. Barua tuliyokuandikia haijajibiwa.

Tena yupo mama mmoja kati yetu, ambaye mwenyewe ametuomba tumseme bila jina. Ana uvimbe kwenye titi tangu wakati wa theluji. Amekataa kwenda mjini, amekataa kwenda na binti yake. Sasa amekubali kupimwa hapa, Sevda akisimama upande wa kichwa. Siku aliyopangiwa ni Alhamisi ijayo.

MAOMBI

Tulikuwa tumeandika maombi manne. Jana usiku tuliyafuta matatu, ili hili lisipotee katikati.

Mungu akurudishe salama kupitia zile kona, na akuzidishie afya wewe unayehangaikia ya wenzako.

Mgeni rasmi, tunaomba utuambie leo, kabla hujainuka: Alhamisi ijayo, saa tatu asubuhi, Sevda atakuwepo? Mama huyo amekaa humu ndani, anakusikiliza.

Ni sisi,
Wanawake Watunga Tumbaku wa Dolna Cheresha