Kanzu Iliyo Mpakani mwa Shamba

Mgeni rasmi, Bi. Fauzia, mkaguzi wa mashamba ya kilimo hai, Chifu wetu, wazee, mama zetu na majirani: shikamooni nyote mliotutangulia, na rika zetu, hamjambo.

KARIBU

Sisi wanawake wa Jembe Letu, hapa nyuma ya Msambweni, twafurahi kukuona tena. Barabara umeiona mwenyewe, na bado umekuja. Ahsante sana. Sauti ya msomaji ni ndogo, kwa hiyo twaomba walio nyuma wasogee.

TULIKOTOKA

Tulianza kwa kualikana kulima, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Kisha familia ya Bi. Dama, mwenyekiti wetu, ikatupa shamba hili tulilime pamoja. Hatutumii dawa yoyote. Magugu twayang'oa kwa jembe na kwa mikono, isipokuwa mchunga na mnavu, ambayo twaiacha imee. Kwetu hiyo si magugu, ni mboga.

TULIYOYAPATA

Mboga zetu zaliwa hotelini Diani. Wageni hupewa mchunga wa nazi, huuliza kwa nini ni mchungu, kisha huongeza. Mwenzetu aliyekuwa akiomba nauli ya kwenda hospitali sasa ajilipia. Lakini mnunuzi ametuambia waziwazi: bila cheti chako, hatanunua tena.

CHANGAMOTO

Mgeni rasmi, ulipokuja mara ya kwanza ulikuta mchunga wa mpakani umekauka, ukauliza ni nani aliyepiga dawa. Leo twasema: ni jirani yetu, Mzee Chome. Ulituagiza tumtafute mwenye dawa na tumshtaki kwa Chifu, ama tusahau cheti. Mchunga ule tuliung'oa na haukuuzwa. Lakini hatukumshtaki mtu, na twaomba usikie kwa nini.

Mzee Chome alima mahindi peke yake. Wanawe wako Ukunda kazini, na mgongo wake haukubali tena kuinama. Asipopiga dawa, nyasi zitamtoa shambani. Na sisi pia twamsumbua. Kusi ikivuma, dawa yake yaja kwetu. Kaskazi ikivuma, mbegu za mchunga wetu zaruka kwake kama pamba. Hutuambia, "Mwanifugia magugu, kisha mwayaita mboga!"

Tulitaka kumsaidia autambue upepo. Tukasimika ufito mrefu mpakani na kufunga leso juu yake, ili ikipepea kuelekea kwetu, asubiri. Tulichagua leso ya manjano ionekane kwa mbali. Maneno yake hatukuyasoma. Yeye aliyasoma. Kumbe ilikuwa leso ya kumpigia jirani mafumbo, na hatutayarudia hapa mbele ya wazee.

Alikuja mbio.

"Nani aliyewatuma kunitukana mbele ya mahindi yangu?"

"Hatukukutukana, kaka," Bi. Dama alimjibu. "Ile ni ya upepo."

"Kwani upepo wajua kusoma?"

Masika yote hakuitikia salamu zetu, na alipiga dawa bila kutazama upepo. Hayo ndiyo uliyoyakuta.

Ulipoondoka, tulimpelekea chungu cha mchunga wa nazi, tukamwomba radhi. Mkewe, Bi. Twaiba, alicheka mpaka akafuta machozi. Yeye Mzee alikula, akamaliza, akasema, "Mchungu kama nyinyi." Kesho yake tukakuta leso yetu imeteremshwa na kukunjwa vizuri, na juu ya ufito yaning'inia kanzu yake ya zamani.

"Hii haina maneno," alituambia.

Tangu siku hiyo, mikono ya kanzu ikielekea kwetu, yeye huitua pampu ya dawa mgongoni na kwenda kunywa chai.

MAOMBI

Twaomba cheti, tena twakihitaji sana. Lakini twaomba tukipate bila kumshtaki Mzee Chome. Amekubali kutopiga dawa kwenye ukanda wa shamba lake ulio mpakani. Sisi tumekubali kumpalilia ukanda huo kila msimu, na kukata maua ya mchunga wetu kabla mbegu hazijaruka. Twaomba uuandike mpango huu katika ukaguzi wako. Kama sheria zenu hazina nafasi yake, tuambie leo, hapa hapa, tujue moja. Mtu wa kumshtaki hatuna.

Na ukisikia kuna mashine ya kupalilia ambayo mtu huisukuma akiwa amesimama wima, usituletee sisi. Mpelekee yeye.

Ombi la mwisho ni dogo. Kiti kilicho wazi kuliani kwako ni chake. Tulimwalika, akasema sherehe ni ya wenye mboga. Lakini ukigeuka utamwona pale chini ya kanzu yake, ajifanya akagua mahindi yaliyokwisha kuvunwa. Tafadhali mpungie mkono wewe, atakuja. Tukimwita sisi, atasema twamtukana.

Mwenyezi Mungu akurudishe kwako salama, aibariki kazi ya mikono yako, na atupe sote mvua ya kiasi, huku na ng'ambo ya mpaka.

Ni sisi,
Kikundi cha Wanawake cha Jembe Letu,
pamoja na Mzee Chome, akikubali kuketi.