Mama Uliona Hakusaini Asichokiona

Ndugu waombolezaji, mimi ni mdogo wake marehemu, kitinda mimba wa mama yetu, familia imenituma nisome historia yake, na wazee wameniomba niisome kwa upole, nami nimewaambia nitajitahidi, sikuwaahidi.

Dada yetu alizaliwa tarehe 14 Juni 1968, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, akiwa mtoto wa pili kati ya watano, akaanza shule ya msingi mwaka 1975, akamaliza sekondari mwaka 1986, akahitimu ualimu mwaka 1989, na akafundisha miaka kumi na miwili, hadi alipochoka kuona watoto wasiosema wakiitwa wakaidi na kutolewa nje ya darasa. Mwaka 2001 alirudi kusoma uchambuzi wa tabia, yaani kazi ya kumwangalia mtoto anayejipiga au anayepiga kelele, na kutafuta nini kinatangulia na nini kinafuata, kabla hujafungua mdomo kumhukumu.

Alifunga ndoa tarehe 5 Agosti 1995 na shemeji yetu huyu, fundi umeme, mtu mpole asiyejua kugombana, wakajaliwa mabinti wawili, na nyumbani kwao hata sahani ikivunjika hakuulizwa mtu nani kavunja, iliulizwa nini kilitangulia.

Kuanzia tarehe 2 Machi 2009 alikuwa msimamizi wa wanafunzi wa mazoezi katika kituo cha watoto, kazi yake ikiwa kukaa kwenye kiti cha plastiki pembeni ya chumba cha michezo, kumtazama mwanafunzi akifanya kazi na mtoto, kisha kusaini fomu kwamba saa hizo ameziona kwa macho yake, na bila saini hiyo mwanafunzi hapati leseni. Ukimwandikia kwamba mtoto alikasirika, alikurudishia daftari akikuuliza, uliona au ulidhani, ndipo wanafunzi wakambatiza Mama Uliona. Mwaka 2017 mwanafunzi mmoja alimbana mikono binti wa miaka saba, akaandika kwamba ni mkaidi, dada akamvua mtoto kiatu, akakuta kidole kimetunga usaha, fomu ile hakuisaini, na mkurugenzi wa kituo akamwambia ana roho mbaya. Alisimamia wanafunzi thelathini na mmoja, akawasainia ishirini na sita.

Figo zilianza kumsumbua Novemba 2023, akalazwa tarehe 3 Februari 2024, tarehe 21 akapoteza fahamu, na tarehe 26, saa nne asubuhi, akatutoka, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wangu. Nazitaja tarehe hizi polepole kwa sababu ninazo hapa fomu nne zenye saini yake, mbili za tarehe 22, mbili za tarehe 24, siku ambazo mkono huo haukuweza kushika hata kijiko. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, ila hapa kifo cha mmoja kimewaumbua wengine.

Hili halimo kwenye karatasi niliyopewa na familia, nina hasira, nalisema wazi. Lakini dada angenikataza kusema kwamba mkurugenzi hana aibu, kwa kuwa aibu haionekani kwa macho, kwa hiyo nasema nilichokiona tu, amekaa mstari wa pili, amekuja na shada kubwa kuliko la familia, na tangu nitaje tarehe 22 anatazama viatu vyake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, majirani waliotufulia shuka na kutupikia kwa zamu, wafanyakazi wenzake waliokuja kumwona akiwa bado anatutambua, na kwa namna ya pekee yule binti mwanafunzi aliyekaa nyuma kabisa, aliyepewa saini ya bure akaikataa, akatuletea fomu yake na nakala za wenzake watatu, akijua kwamba ataanza kuhesabu saa zake upya. Binti, hili tumeliona.

Fomu hizi zinakwenda bodi ya leseni Jumatatu, saa mbili asubuhi, na atakayezipeleka ni shemeji mwenyewe, yule asiyejua kugombana.

Pumzika kwa amani, dada. Sisi bado.