Machi Kahawa Haijaiva

Lori lilitutoa Isansa asubuhi kwenda bomani, mwaka ule wa 1959. Karibu nami aliketi Nesta, mama kijana mwenye mtoto mgongoni, akimhoji mzee Abrahamu ambaye hakumjua.

"Baba, ni kweli bomani wanatoa vyeti kwa tuliovuka mpaka bila karatasi?"

"Kweli, mwanangu. Ila ni kwa waliofuata kazi. Waliokimbia vurugu za Nyasaland wanaandikwa kando, wasubiri."

"Wasubiri nini?"

"Hilo hawakusema."

Nilijifanya nimesinzia, ingawa katika lori lile hakuna aliyewahi kusinzia.

Nesta alikaza mbeleko. "Mume wangu alikamatwa Machi, nikavuka mto Songwe, pale mpakani, usiku uleule. Nikisema hivyo, si watanirudisha?"

"Sema ulikuja kuchuma kahawa."

"Machi kahawa haijaiva, baba. Karani hajui hilo?"

Mzee alikuna kidevu. "Basi sema palizi."

"Na mume wangu akiachiwa, akanifuata, akasema kweli?"

Lori likasimama bomani. Karani alikuwa akipaza sauti barazani: "Wa kazi kulia, waliokimbia kushoto!" Mzee alimwonyesha kulia. Nesta alishuka, akabaki amesimama palepale, kati ya kulia na kushoto.