Nyasi Mkononi mwa Kiprono

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe hata na mimi niliyekaa benchi la nyuma miaka hii yote nikiogopa kusimama. Mimi si msemaji. Shule niliachia darasa la saba. Lakini leo nimeazimia kusema, na nitasema mpaka mwisho.

Wengi wenu mnanijua kama Daudi wa maigizo, yule wa karate. Mama yangu alikuwa mchuna majani katika shamba la chai, upande wa Kericho. Baba yangu alikuwa mzungu, msaidizi wa meneja, akarudi kwao kabla sijazaliwa. Hata picha yake sijaiona. Tuliishi laini, zile nyumba za wafanyakazi, chumba kimoja, mimi na mama. Watoto waliniita chumbindet, yaani mzungu. "Wee chumbindet, baba yako alikusahau akipakia mizigo!" Nilipigana kila siku, na kila siku nilishindwa.

Ndipo Mwalimu Ombati, fundi wa mashine pale kiwandani, akaanza kufundisha karate katika ukumbi wa kampi. Nilijifunza kwake mpaka nikaacha kushindwa. Baadaye akaunda kikundi cha maigizo, karate na mchezo pamoja, tukawa tunazunguka masokoni: Kedowa, Londiani, Silibwet. Ndugu zangu, nilipenda kuigiza kuliko chakula! Lakini nafasi yangu ilikuwa moja tu, mzungu wa zamani anayepiga wafanyakazi. Niliomba niwe mchungaji. Niliomba niwe mzee wa boma. Mwalimu alicheka. "Daudi, Mungu amekupa uso wa kazi. Utumie!"

Rafiki yangu Kiprono ndiye aliyeigiza mfanyakazi. Kwetu Wakipsigis, watu wakipigana, anayezidiwa aking'oa nyasi na kuzinyoosha, mwenzake anaacha hapo hapo. Nyasi ni amani. Katika mchezo wetu Kiprono alinyoosha nyasi, na mzungu, kwa kuwa hajui maana yake, anaendelea kupiga. Ngumi zangu zilisimama karibu na ngozi bila kugusa. Akina mama walikuwa wakilia.

Siku moja ya soko, pale Silibwet, Kiprono aliongeza maneno yake mwenyewe ili watu wacheke. "Bwana mkubwa," akasema kwa sauti, "mama yako alikuokota kwa kikapu gani?" Uwanja wote ukaangua kicheko. Mama alikuwa amesimama mbele, na leso yake ya Jumapili. Watu waligeuka wakamtazama.

Nilimpiga Kiprono ngumi ya kweli. Nikampiga ya pili. Akaanguka, akang'oa nyasi, akaninyooshea. Nikampiga tena, kwenye jicho. Na watu wakapiga makofi! Walidhani siku hiyo tumeigiza vizuri.

Jicho lile halikuona tena. Nikasema nilidhani ni mchezo, kwamba nyasi zilikuwa zile za kila siku. Watu wakaamini, maana lilikuwa jambo la kuaminika. Mama akabeba kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandisha, akaenda kwa akina Kiprono, akasimama mbele ya wazee. "Mwanangu hawezi kumpiga mtu aliyeshika nyasi," akasema. "Mimi ndiye niliyemlea." Wakampokea, wakanywa maziwa, neno likaisha.

Ndugu zangu, uongo ulikuwa wangu, lakini aliyeubeba ni mama. Mimi nilijua. Nilipoona nyasi zile nilijua ni za kweli, na nikapiga.

Niseme na hili la aibu: jina langu lilikua. Watu walijaa kumwona mzungu anayepiga kweli. Nilichukuliwa video Nakuru, picha yangu ikabandikwa kwenye milango ya vibanda. Nilifurahia. Ila kabla ya kila mchezo ilibidi ninywe kwanza, la sivyo mikono haikutulia.

Mwaka juzi mama aliugua kifua. Akiwa kitandani aliniambia, "Nashukuru kwamba sikuwadanganya wazee wale." Nikanyamaza. Nilinyamaza, ndugu zangu! Tukamzika akiamini hivyo. Hilo haliwezi kurudi, na siombi mtu anifariji.

Wiki mbili baada ya mazishi nilikuwa peke yangu kwenye mistari ya chai aliyokuwa akichuna. Nikapiga magoti kwenye matope. Sikuwa na maombi marefu. Nilisema, "Yesu, nimechoka na uongo huu. Nitoe ndani yake." Sikusikia sauti wala sikuona mwanga. Nilipata nguvu ya miguu tu, nikatembea moja kwa moja mpaka kwa Kiprono.

Alikuwa akikamua ng'ombe. Sikumsalimu. "Kiprono, nilijua. Uliponyoosha nyasi, nilijua."

Hakuacha kukamua. "Hata mimi nilijua. Jicho moja lilikuwa bado linaona."

"Mbona hukusema?"

"Mama yako alikuwa ameshasimama mbele ya wazee. Ningemfanya mwongo, mama wa watu?" Kisha akanitazama. "Lakini nimekungoja sana, Daudi. Wazungu hawachelewi; wewe ni mzungu wa laini kweli." Akacheka. Mimi nikalia mpaka ng'ombe akashtuka.

Tulienda pamoja kwa wazee, nikasema yote. Wakanitoza mtamba mmoja, nikamtoa. Pombe iliniacha. Aleluya! Mikono hii imetulia bila kitu. Namshukuru Mungu, aliyenipokea nilipokuja na ukweli tu.

Kama kuna mtu hapa ambaye uongo wake unabebwa na anayempenda, asingoje mpaka amzike. Asubuhi hii nilimuuliza Kiprono kama naweza kulitaja jina lake. Akasema, "Taja. Ukiogopa, niangalie mimi." Ndiye yule, benchi la tatu. Simama, ndugu yangu, wakuone. Na wewe unayetetemeka hapo ulipo, njoo mbele. Mwamini Yesu, na useme. Tutasimama na wewe, mimi na yeye.