Dhahabu ya Siafu

Watu wa Kenyamonta walikuwa wamekwisha kusogezwa kwenye kijiji cha ujamaa, na benchi la nje ya duka la ushirika lilikuwa limeshapata wenyewe. Waisiko aliuza kahawa hapo kwa vikombe vya bati. Kila jioni Machage, aliyeitwa Redio kwa wingi wa maneno, alibishana na Simioni, aliyeitwa Bwana Sheria kwa kuwa aliwahi kushtakiwa Musoma akashinda. Wiki hiyo walikuwa na jambo moja tu: Philomena, msichana wa Chuo Kikuu, aliyezunguka shambani na kwenye kisitu cha mtoni akikusanya sisimizi kwenye vichupa na kufunga vitambaa vyekundu vya alama kwenye miti.

Simioni alikuwa na hakika kwamba serikali ndiyo iliyomtuma.

— Sisimizi wako kwenye ujamaa tangu zamani. Wanalima pamoja, wanakula pamoja, hakuna anayetoroka mkutano. Serikali inataka kujua wanafanyaje.

Machage aliona hoja hiyo ni ndogo.

— Anatafuta dhahabu, bwana. Sisimizi wanaitoa chini punje kwa punje. Mbona vitambaa vyake vyekundu amevijaza kwenye kisitu?

Machage alikuwa na ugonjwa wa kuamini maneno yake mwenyewe yakishamtoka. Na kisitu kile kilikuwa karibu kufyekwa ili shamba la pamba la kijiji lipanuliwe. Usingizi ukamruka. Alfajiri akamwamsha Simioni, wakachukua jembe, wakachimba kwenye shina lenye kitambaa. Walichokifukua ni siafu. Walikuwa wameshapanda hadi mapajani kabla hawajauma, kisha wakauma wote kwa pamoja. Wazee hao wawili walikimbilia mtoni suruali zikiwa mikononi, wakawakuta akina mama wakichota maji.

Jioni Waisiko aliwauliza kwa upole kama mgodi umeshafunguliwa.

Kisha akaja Philomena na dawa ya kupaka. Akawaamkia, akaketi. Machage alijiandaa kuchekwa, lakini binti aliinamia pindo la suruali yake, akamchomoa siafu mmoja aliyekufa ameng'ang'ania, akamtia kwenye kichupa kwa furaha. Aina ile alikuwa hajaipata. Akawaeleza kwamba kwenye pamba alikuta sisimizi wa aina chache tu, wale wale wa kila mahali. Kwenye kisitu walikuwa wa aina nyingi, na wengine walitengana na ndugu zao zamani sana, kabla hapajawa na mtu wa kuwaona. Pakifyekwa, hawana pengine pa kwenda, na udongo na ndege wangepungua pamoja nao.

— Kumbe ni koo, alisema Machage. Ukoo ukifa, umekufa.

— Ndivyo, baba. Ndiyo maana tunatazama kwanza, halafu tunasema wapi pasiguswe.

Kwenye mkutano wa kijiji Machage alisimama kuwatetea sisimizi wa kisitu. Alisema hakuna mwenye haki ya kuwasemea zaidi yake, maana amekutana nao ana kwa ana. Watu walicheka hadi mwenyekiti akacheka, na ikaamuliwa shamba lipanuliwe upande wa pili.

Kesho yake benchi lilikuwa na sherehe. Machage alimnunulia kila mtu kahawa, akasimulia vita vya kisitu kana kwamba alishinda. Mokami, mama mtu mzima aliyeletwa na lori kutoka upande wa Nyansurura siku chache tu nyuma, alikuwa amesimama na kikombe chake akisikiliza. Alipoelewa kwamba kisitu kimeachwa kwa ajili ya wadudu, akamgeukia Philomena.

— Mwanangu, hao wadudu, ulikwenda kwanza kuwatazama pale pale wanapoishi?

— Ndiyo, mama.

— Sisi tulikuwa na mti wa mizimu, na kaburi la mume wangu, na chemchemi. Kabla lori halijaja, nani alikuja kutazama?

Machage alimwangalia Simioni, na Simioni alikuwa akiangalia chini. Jembe la mtu lilisikika likigonga jiwe mbali huko shambani.

Simioni alisimama, akampisha mama yule aketi.